Je, Wajua? Ndani ya ukumbi wa madaktari wa kiharusi

Je, wajua kwamba makongamano makubwa ya kiharusi duniani ni matatu? La Marekani hufanyika mwanzoni mwa mwaka, la Ulaya hufuata karibu na mwezi wa tano, na la dunia nzima huangukia mwezi wa kumi au karibu yake. Mtafiti mwenye matokeo mazito huchagua jukwaa lake kati ya hayo matatu, na wenzake hukata tiketi za ndege kwa kumfuata.

Je, wajua kwamba matokeo hayo hufichwa mpaka dakika ile msemaji anapopanda jukwaani? Waandishi wa habari hupewa taarifa mapema kwa sharti la kutoitoa kabla ya saa iliyotajwa. Mara nyingi majarida kama New England Journal of Medicine au Lancet huchapisha makala kamili mtandaoni saa hiyohiyo. Ndiyo sababu skrini inapoonyesha jedwali la matokeo, ukumbi mzima hunyanyua simu kupiga picha, kama ndugu wa bibi harusi.

Je, wajua kwamba slaidi ya kwanza haihusu utafiti kabisa? Ni orodha ya kampuni za dawa na vifaa zilizomlipa msemaji kwa ushauri, safari au utafiti. Ni sharti ionyeshwe, lakini hakuna aliyeweka sharti la muda. Kwa baadhi ya maprofesa hupita upesi kiasi kwamba hata msomaji hodari haambulii zaidi ya majina mawili.

Je, wajua kwamba Februari 2013, kule Honolulu, madaktari wanaovuta madonge ya damu kutoka kwenye ubongo walitoka ukumbini vichwa chini? Tafiti 3 zilisomwa: IMS III, SYNTHESIS na MR RESCUE. Zote zilisema jambo moja: kuingiza mrija mpaka kwenye ubongo hakukumsaidia mgonjwa kuliko tiba ya kawaida. Wengi waliamini hadithi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ukizisoma tafiti zile kwa makini, kosa linaonekana. Wagonjwa wengi walitibiwa kwa vifaa na mbinu za kizazi cha kwanza, ukiwemo waya uliopindwa kama kizibuo cha chupa. Wengine hawakupigwa picha ya mishipa kabla ya kuingizwa kwenye utafiti, kwa hiyo haikujulikana kama kweli walikuwa na donge kubwa la kuvutwa. Na saa zilikuwa zimeyoyoma.

Oktoba 2014 Waholanzi wakaja Istanbul na utafiti wao, MR CLEAN: wagonjwa 500 kutoka hospitali 16, kila mmoja akiwa na donge lililothibitishwa kwa picha, na wengi wa waliochaguliwa kuvutwa donge wakitibiwa kwa vifaa vipya. Waliovutwa donge na baada ya miezi 3 wakawa wanajitegemea walikuwa asilimia 33. Kwa wenzao waliopata tiba ya kawaida tu, asilimia 19. Habari hiyo ikazifanya bodi za usalama za tafiti nyingine zilizokuwa zikiendelea zifungue takwimu zao kabla ya wakati, na miezi minne baadaye, kule Nashville, tafiti 3 zaidi zilisomwa: ESCAPE, EXTEND-IA na SWIFT PRIME. Zote zilikuwa zimesimamishwa mapema kwa sababu tiba ilikuwa imeshinda waziwazi. Katika ESCAPE vifo vilishuka kutoka asilimia 19 hadi 10. Miaka 2 tu ilitenganisha maombolezo ya Honolulu na shangwe za Nashville, na mbinu ni ileile. Kilichobadilika ni kifaa, picha, na mwendo wa kumfikisha mgonjwa mezani.

Je, wajua kazi hiyo inafanywaje? Daktari hutoboa mshipa wa ateri kwenye kinena au kifundo cha mkono, kwa tundu dogo kuliko la kupita kalamu ya risasi. Mrija mwembamba hupandishwa kwa kutazama picha ya eksirei inayotembea, hupita kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, hupanda shingoni, huingia kichwani. Ndani yake hupitishwa mrija mwingine mwembamba zaidi unaotoboa donge. Kisha wavu mdogo wa chuma hufunguliwa ndani ya donge, huachwa dakika chache ushikane nalo, halafu vyote huvutwa nje taratibu huku damu ikinyonywa kwa bomba. Kinachotoka huwekwa juu ya kitambaa cheupe: kipande chekundu cheusi, pengine hakizidi punje chache za mchele kwa urefu. Hicho ndicho kilichokuwa kimemnyamazisha mtu mzima.

Je, wajua kwamba mwaka 2006 Jeffrey Saver wa Los Angeles alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza chembe za neva milioni 1.9 kila dakika? Takwimu hii hutajwa katika kila kongamano, na ni ya kweli kama wastani. Lakini watu si wastani. Wapo wenye vijia vya pembeni vinavyoulisha ubongo kwa saa nyingi baada ya barabara kuu kufungwa. Utafiti wa DAWN, uliosomwa Prague mwaka 2017, uliwatafuta watu hao kwa picha maalumu, wakiwa kati ya saa 6 na saa 24 tangu walipoonekana wazima mara ya mwisho. Waliovutwa donge, asilimia 49 walijitegemea. Wengine, asilimia 13. Kabla ya hapo wengi wao wangeambiwa wamechelewa.

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza iliyothibitishwa ya kuyeyusha donge la kiharusi, alteplesi, hutengenezwa ndani ya chembe zilizotokana na ovari ya hamsta wa Kichina? Chembe hizo hupandikizwa jeni la binadamu, zikazalisha protini ambayo miili yetu hutumia kuyeyusha damu iliyoganda. Utafiti ulioithibitisha ulitoka Desemba 1995, wagonjwa 624, wote wakitibiwa ndani ya saa 3. Marekani iliiruhusu mwaka uliofuata. Mwaka 2008, kwenye kongamano la dunia la Vienna, muda wa kuitoa ulisogezwa hadi saa 4 na nusu.

Dawa hiyo ina ubaya wake, na watafiti wa 1995 hawakuuficha: asilimia 6.4 ya waliopewa walivuja damu kichwani hadi hali ikaharibika, dhidi ya asilimia 0.6 ya wasiopewa. Pamoja na hayo, walioponea ulemavu walikuwa wengi zaidi kuliko waliodhurika.

Je, wajua kwamba mate ya popo mnyonya damu yamewahi kujaribiwa kama tiba ya kiharusi? Na sumu ya nyoka wa Malaya pia. Vyote viwili vilianza kwa matumaini na kuishia njiani.

Je, wajua kwamba mwaka 2006 kundi la watafiti lilihesabu dawa na mbinu 1,026 za kuukinga ubongo wakati wa kiharusi, ambazo zilikuwa zimejaribiwa maabara? Zilizofika kwa binadamu ni 114. Nyingi ziliwasaidia panya, binadamu hakuna. Ukisikia mtu anatangaza redioni kwamba ana kinywaji cha kutibu kiharusi, ikumbuke hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba katika mkutano wa Yalta wa Februari 1945 waliketi watu watatu waliokuwa wakiigawa dunia, na wote watatu waliuawa na kiharusi? Roosevelt alikufa miezi miwili baadaye, presha yake siku ya kufa ikiwa imepimwa 300 kwa 190. Stalin alifuata 1953, Churchill 1965. Kwa Roosevelt, madaktari wake walikuwa wakizipima presha hizo na kuziandika. Dawa ya maana ya kuzishusha haikuwepo. Sisi tunayo, tena ya vidonge vya bei ndogo, na bado tunaiacha kwa sababu "najisikia vizuri".

Je, wajua kwamba kwa macho tu hakuna daktari, hata bingwa, anayeweza kutofautisha kwa uhakika kiharusi cha mshipa kuziba na kile cha mshipa kupasuka? Mswisi Johann Jakob Wepfer aliona damu ndani ya bongo za marehemu aliowapasua, akaandika mwaka 1658. Kwa mgonjwa aliye hai ilibidi kungoja mpaka 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa CT-skani ya kichwa London. Tuzo ya Nobel ya mashine hiyo walipewa wawili mwaka 1979: Mwingereza Godfrey Hounsfield, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza hesabu zake akiwa anafanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Kwa hiyo usimpe aspirini nyumbani mtu aliyepooza ghafla. Ni kweli tafiti mbili za 1997, zilizojumlisha wagonjwa wapatao 40,000, zilionyesha kwamba aspirini ya mapema huokoa takriban watu 9 katika kila 1,000 wasife au kupigwa tena. Lakini hiyo ni kwa mshipa ulioziba. Kama umepasuka, unamwongezea moto. Picha kwanza.

Je, wajua kwamba kipimo cha ukali wa kiharusi kinachotumika karibu kila utafiti kina alama 0 hadi 42, na mgonjwa huulizwa mwezi huu ni wa ngapi na ana umri gani? Jibu la kukaribia halihesabiki. Mzee anayejua alizaliwa mwaka wa nzige, na hajawahi kuhitaji zaidi ya hapo, anapoteza alama akiwa na akili timamu. Kisha, kwa miaka mingi, ameonyeshwa kadi ya vitu avitaje: glavu, ufunguo, kiti, unyoya, dungusi kakati, na kitanda cha wavu kinachoning'inizwa kati ya miti. Kadi nyingine ilikuwa na jiko la nyumba ya Kimarekani, sinki limefurika, mtoto yuko juu ya stuli anaiba biskuti kabatini. Nimewaza sana kuhusu bibi wa mafiga matatu aliyeulizwa aeleze kinachoendelea pale. Akinyamaza, ni kiharusi au ni sinki?

Je, wajua kwamba nusu ya hoja za ukumbini huzunguka kipimo cha daktari wa Glasgow, John Rankin, cha mwaka 1957? Kwa sura yake ya sasa, sifuri ni mzima kabisa, 6 ni maiti. Namba inayogombaniwa ni 2: mtu anayejihudumia mwenyewe ingawa hawezi yote aliyoyaweza zamani. Mara nyingi hupimwa kwa simu, siku ya 90. Mabilioni ya dola yanategemea swali la kama mgonjwa anaweza kwenda sokoni peke yake.

Je, wajua kwamba moja ya tafiti zinazotajwa sana kuhusu kiharusi Afrika ilifanyika kwetu, wilayani Hai na Dar es Salaam, kuanzia 2003 hadi 2006? Watafiti walihesabu viharusi 636 kwa miaka 3. Kwa hesabu ghafi, mji na kijiji vilikaribiana: 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, 107.9 Dar. Mtu angesema hakuna tofauti. Lakini Dar ni jiji la vijana, na Hai ina wazee wengi ambao watoto wao wameshuka mjini. Ukisawazisha umri, Hai inabaki 108.6, sawa na nchi tajiri. Dar inapanda hadi 315.9, juu kuliko tafiti nyingi za nchi hizo tajiri.

Je, wajua pia kwamba watafiti walipowauliza watu wa sehemu hizo mbili kiharusi kinatoka wapi, wa mjini ndio waliotaja majini na uchawi zaidi? Wa Hai walisema presha, vyakula vya mafuta na mawazo, wakaanzia hospitali. Wa Dar wengi walianzia kwa mganga. Ile dhana ya kwamba ushirikina ni wa shamba na sayansi ni ya jiji ilipata jibu lake pale. Hospitali iliyo karibu haitoshi kama mtu anapelekwa kwanza akapungwe.

Je, wajua kwamba utafiti wa SIREN, wa Nigeria na Ghana, uliochapishwa 2018, uliweka kutokula mboga za majani miongoni mwa mambo yanayoandamana na kiharusi? Uliwalinganisha wagonjwa 2,118 na wenzao wazima wa rika moja. Presha ilikuwa juu kabisa ya orodha, na mazoea ya kuongeza chumvi mezani yalikuwemo. Kwa nchi yenye mchicha, matembele na kisamvu mpaka kwenye genge la mwisho wa mtaa, hii ni habari njema inayopuuzwa.

Je, wajua kwamba mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule, na kwamba hatari yake inaweza kupimwa mapema bila sindano? Mashine ya mawimbi ya sauti huwekwa kwenye panja na kupima kasi ya damu kichwani. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Utafiti wa 1998 uliwagawa watoto 130 wa aina hiyo: kati ya walioongezwa damu kila mara alipigwa mmoja, kati ya wengine walipigwa 11. Kwetu damu ya kuongeza kila mwezi ni adimu, ndiyo maana utafiti wa Bugando, Mwanza, ulioitwa SPHERE, ulijikita kwenye kidonge cha haidroksiurea, ambacho huishusha kasi hiyo.

Je, wajua kwamba dalili za kiharusi zikija na kuondoka ndani ya dakika chache si bahati, ni onyo? Utafiti wa Oxford wa 2007 ulionyesha kwamba watu hao wakitibiwa haraka, hatari ya kupata kiharusi kamili siku zinazofuata hupungua kwa asilimia 80.

Je, wajua kwamba gari la kwanza la wagonjwa lenye CT-skani ndani yake lilianza kazi Homburg, Ujerumani, mwaka 2008? Kwenye karatasi linapendeza. Kwenye foleni ya Mbagala sijui lingefanyaje.

Sasa njoo kwenye utafiti ambao ningeubandika kwenye mlango wa kila wodi. Je, wajua kwamba huko New South Wales, Australia, muuguzi Sandy Middleton na wenzake walipunguza vifo na ulemavu bila dawa mpya hata moja? Uliitwa QASC, ulichapishwa 2011, hospitali 19. Wauguzi walifundishwa mambo matatu: kushusha homa, kudhibiti sukari, na kupima kumeza kabla mgonjwa hajapewa chochote mdomoni. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42. Katika hospitali ambazo hazikufundishwa, asilimia 58. Hakuna mrija, hakuna wavu wa chuma. Kipimajoto, tone la damu kidoleni, na kijiko cha maji.

Kijiko hicho kina maana kubwa nyumbani kwetu. Kiharusi hulegeza koo. Uji wa uvuguvugu, ambao shangazi ameubeba kwa mapenzi kwenye chupa ya chai, unaweza kushuka kwenye mapafu badala ya tumbo, na siku ya tatu mgonjwa akafa kwa nimonia huku kiharusi chenyewe kikiwa kidogo. Mgonjwa asipewe uji, chai wala dawa ya kumeza mpaka apimwe. Nesi akikatalia bakuli lako mlangoni, mshukuru.

Je, wajua kwamba hata nia njema ya kumwamsha mgonjwa mapema ina mpaka? Utafiti wa AVERT, uliosomwa Glasgow 2015, uliwafuata watu 2,104. Waliotolewa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza walipona vibaya kidogo kuliko walioachwa kwenye utaratibu wa kawaida. Mazoezi ni lazima, ila si kwa fujo ya siku ya kwanza.

Na kwa kiharusi cha kuvuja damu, ambacho Afrika tunacho kwa wingi kuliko Ulaya, habari njema ilikuja 2023 na utafiti wa INTERACT3, wagonjwa 7,000 na ushei katika nchi 10. Kushusha presha ndani ya saa moja, kudhibiti sukari na homa, na kuondoa athari za dawa za kuzuia damu kuganda, yote kwa pamoja, kulipunguza vifo na ulemavu. Nchi 9 kati ya hizo 10 hazikuwa tajiri.

Je, wajua kwamba mwaka 2020 kongamano la Ulaya na lile la dunia yaliunganishwa, na korona ikayahamishia mtandaoni? Tangu hapo kufuatilia kwa mbali kumezoeleka. Daktari wa Sumbawanga ambaye zamani angehitaji viza, tiketi na ada ya usajili inayozidi mshahara, anaweza kusikiliza akiwa zamu. Ila mabishano mazuri zaidi bado hufanyika kwenye foleni ya kahawa, na hayo hayarushwi.

Mwisho, je, wajua swali la kwanza ambalo daktari wa kiharusi atakuuliza, awe Nashville au Muhimbili? Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Si saa uliyomkuta sakafuni. Akiamka na kiharusi, saa inahesabiwa tangu alipoagana nanyi kwenda kulala. Kwa hiyo ukiona uso umeshuka upande mmoja, mkono umekataa kunyanyuka au maneno yamekuwa mazito, tazama saa, iandike hata kiganjani, na muondoke kwenda hospitali yenye CT-skani.